Sijasikia

Kadi za mwaliko zilikuwa mbili kwa kila mhitimu. Mbili tu, na bila kadi mlinzi hakuruhusu mtu kuvuka lango. Binti aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu wodini aliniletea moja hadi kazini, nikiwa kwenye mzunguko wa dawa za saa nane mchana. "Sista, hii ni yako," akasema. "Ile nyingine nimempa mama." Nikamuuliza, na baba yako je? Akainamisha macho. "Baba amesema haina neno, atasimama nje."

Niliipokea kwa mikono miwili, nikaitia katika mfuko wa sare. Usiku nilipofika nyumbani niliisimamisha juu ya kabati ya vyombo, nikawa naitazama kama mtu anavyoitazama barua ya mahakama. Baba mzazi asimame nje ya ua, mimi nikae ndani kwenye kiti? Na mimi ndiye niliyewahi kumliza mtoto wake mbele ya watu.

Ili nieleweke, lazima nirudi nyuma hadi 2018, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu katika hospitali moja huku Magharibi mwa Kenya. Silitaji jina lake, maana nilichokifanya nilikifanya mimi. Mwaka uliotangulia wauguzi wa kaunti walikuwa wamegoma tangu mwezi wa Juni hadi mwanzoni mwa Novemba, na sisi tukabaki bila wodi za kujifunzia. Tuliporudi kila mmoja alikuwa anakimbizana na muda. Logibuku, vile vitabu vya kutiwa sahihi kila kazi unayojifunza wodini, zilikuwa tupu, sahihi zilikuwa zinatafutwa kama maji ya kiangazi, na hakuna aliyetaka kuonekana amebaki nyuma.

Nilipangwa kliniki ya wajawazito. Kufikia saa mbili asubuhi mabenchi yalikuwa yamejaa hadi kwenye veranda. Kazi yangu ilikuwa uzito, kimo na presha, kisha mama aingie chumba cha ndani kwa mkunga.

Kupima presha kwa mashine ya mkono ni kazi ya masikio. Unafunga mkanda, unapampu, unaweka kichwa cha stethoskopu kwenye kikunjo cha kiwiko, unaachia hewa taratibu na kungoja mlio. Mlio wa kwanza ndio namba ya juu. Unapotoweka, hapo ndipo namba ya chini. Kitabuni ni mistari mitatu. Pale kliniki palikuwa na watoto wanaolia, karani anayeita majina, mlango wa chuma unaobamizwa kila dakika, na pikipiki zinazoshusha watu dirishani. Nilisikia hayo yote ila mlio. Nilikuwa katika mwaka wangu wa mwisho na sikuwa nimewahi kuusikia mlio ule kwa hakika, hata mara moja.

Kwa nini sikuuliza? Kwa sababu juma la kwanza mwenzangu mmoja aliuliza, na muuguzi mkubwa wa zamu ile akamgeukia mbele ya mabenchi yote akamwambia amekula karo ya wazazi wake bure. Mwenzangu alitabasamu ili asilie. Sisi wengine tuliokuwa tumesimama nyuma yake tulijifunza somo siku hiyo, na somo lenyewe halikuhusu presha.

Basi nikaanza kuandika. 120/80. Ndiyo namba iliyo katika kila kitabu, namba ya mtu mzima mwenye afya. Mama wa pili nikamwandikia 110/70. Wa tatu nikampa 118/76, ili ionekane imepimwa kweli. Mkono wangu ni mzito ninapoyaandika haya. Nilikuwa nafunga mkanda vizuri kabisa, naweka stethoskopu mahali pake, natikisa kichwa polepole kama mtu anayesikia, na akina mama walikuwa wananishukuru. "Asante, daktari." Mmoja aliniombea Mungu anibariki katika masomo yangu.

Siku ya nne alikuja mama wa mimba ya kwanza, amevaa ndara za mumewe. Ndara nyeusi za plastiki, kubwa, na miguu imezijaza hadi kamba zimezama kwenye ngozi. Niliiona ile miguu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba niliiona. Nikafunga mkanda, nikapampu, nikatikisa kichwa, nikaandika 120/80.

Chumba cha ndani alikuwapo mkunga mmoja mkongwe, amebakiza miaka michache astaafu. Alikuwa na desturi ya kuangalia miguu ya mama kabla ya kuangalia karatasi. Akamuuliza kama kichwa kinauma. Kinauma tangu jana. Anaona nyota nyota? Anaziona. Akapima mwenyewe: 170/110. Mkojo ulipopimwa ukaonyesha protini. Mama akalazwa palepale, akapewa magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba na dawa ya kushusha presha, na baada ya siku mbili akajifungua mtoto wa kiume, wote wawili wazima.

Kifafa cha mimba hakipigi hodi. Mama anaweza kuwa anaongea nawe, dakika ya pili anatupa mikono na miguu sakafuni. Dawa ya kukizuia ipo, ni ya zamani na si ya bei ghali. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2002, uliohusisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa magnesiamu inapunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Lakini dawa haiwezi kumfikia mama ambaye karatasi yake imeandikwa 120/80.

Jioni yule mkunga aliniita. Nilijua nimekwisha. Nilishapanga kichwani maneno ya kumwambia mama yangu nitakapofukuzwa chuo. Akanipeleka chumba cha kuwekea mashuka, akafunga mlango, akakaa juu ya kifurushi cha mashuka safi na kuniambia nikae juu ya kingine.

"Ulisikia nini ulipompima yule mama?"

Nikasema, "Sikusikia kitu."

"Usiseme sikusikia. Sema sijasikia."

Sikumwelewa. Akanieleza kwa upole, kama anamweleza mtoto wake. Ukisema sikusikia umefunga mlango, jambo limepita, na mwenye kuona aibu ataweka kitu chochote mahali pake. Ukisema sijasikia, kazi bado iko mikononi mwako. Utarudi. Utapima tena, au utamwita mwenye masikio mazuri kuliko yako. "Hata mimi kuna siku sijasikia," akasema. "Naandika hivyo hivyo."

Kisha akakunja mkono wa sare na kujifunga mkanda mwenyewe. Akaniambia niache stethoskopu kwanza. Nishike mapigo ya kifundo cha mkono kwa vidole viwili, nipampu hadi mapigo yapotee, niangalie ni kwenye namba gani, kisha niongeze 30 hapo. Nianzie juu huko, nishuke pole, namba mbili au tatu kwa sekunde. Mkono wa mgonjwa uegemee kitu, usawa wa moyo. Miguu yote chini. Apumzike dakika tano kabla ya kupimwa, asiongee. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene utadanganya kwa kuongeza. Nilipima mkono wake mara sita ndani ya kile chumba chenye harufu ya sabuni na jua la jioni, na mara ya sita nikausikia. Tu. Tu. Tu. Mdogo, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha chumba cha pili.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba milio ile inaitwa kwa jina la daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, aliyeieleza mwaka 1905. Nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu huku kwetu hospitali kuu ya rufaa ya Kisumu wazee wanaiita Russia mpaka leo, kwa vile ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti miaka ya 1960. Nikaona kama yule daktari ni jirani yetu.

Mahafali yangu mwenyewe sitayasimulia sana. Yalikuwa na jua kali na soda za moto. Ninachokikumbuka ni mishumaa. Tulisimama kwa mistari, kila mmoja na mshumaa wake, tukakariri kiapo cha Nightingale. Wengi hudhani Florence Nightingale alikiandika mwenyewe. Kiliandikwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, na kikapewa jina lake kwa heshima. Tulipofika mahali pa kuahidi kujiepusha na lolote lenye madhara, wenzangu waliendelea na mimi sauti ikakata. Niliziona zile ndara nyeusi. Nta ikanidondokea kidoleni na sikuisikia hadi ilipokauka.

Nilikuwa nimejiwekea nadhiri kwamba nikipewa wanafunzi nitakuwa kama yule mkunga. Nikawapata, baada ya miaka kadhaa, katika wodi ya watoto ya hospitali nyingine. Na sikuwa kama yule mkunga.

Mvua za Aprili zikinyesha kanda ya ziwa, malaria huja na jeshi lake. Watoto wawili kitanda kimoja, wakati mwingine watatu, mama zao wamelala chini kwenye leso. Usiku mnaweza kuwa wauguzi wawili kwa wodi nzima. Damu inangojwa, dripu inaziba, oksijeni inagawanywa. Katika usiku wa namna hiyo huyu binti, mwaka wake wa pili, aliniuliza atahesabu vipi pumzi za mtoto anayelia. Alikuwa ameuliza swali hilo mara mbili kabla. Nikamgeukia na sindano mkononi: "Mwaka wa pili na hujui kuhesabu? Nani alikuleta huku?"

Akina mama wote walisikia. Mmoja aliufunika uso wa mtoto wake kwa leso, kana kwamba maneno yangu yangemwangukia. Binti akasema, "Pole, Sista," akaondoka. Hakuniuliza kitu tena. Mimi, nasema haya kwa uchungu, niliona ni maendeleo. Nilimwambia mwenzangu kwamba sasa ameanza kujitegemea.

Ilipita kama wiki mbili. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa napitia chati kabla ya kukabidhi zamu. Joto la mwili lilikuwa linatofautiana, mtoto kwa mtoto, kama inavyopasa. Mapigo nayo yalitofautiana. Safu ya pumzi ikasoma 28, 28, 30, 28, 28, 30. Nikahisi baridi mgongoni. Niliijua safu ile. Ilikuwa mwandiko wa mtu mwingine lakini ilikuwa 120/80 yangu.

Nikaenda kitanda kwa kitanda. Karibu na dirisha alilala mtoto wa miezi tisa, chati inasema 28. Nikaondoa blanketi. Kifua kilikuwa kinazama chini ya mbavu kila anapovuta hewa, na pua zinapanuka. Nikashika saa yangu nikahesabu dakika nzima, bila kupunguza: 64. Mtoto wa umri ule akifikisha 50 tayari anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida, na kifua kikizama namna ile ni dalili ya nimonia. Tukamweka kwenye oksijeni, tukaanza sindano. Mama yake alikuwa ananiangalia usoni asome kitu, nami sikuwa na uso wa kumpa. Yule mtoto alipona. Alitoka siku ya sita, anacheza na kikombe cha plastiki.

Binti nilimkuta chumba cha kuoshea vyombo. Alikuwa ameshaanza kulia kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa na maneno makali tayari ulimini, na nilikuwa na haki nayo, mtoto alikaribia kufa. Lakini nilipomtazama nilijiona mimi juu ya kile kifurushi cha mashuka. Nikageuza ndoo, nikakaa. Nikamwambia habari ya ndara nyeusi. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote, hata mume wangu.

Alipomaliza kusikiliza aliniuliza swali moja tu: "Yule mama aliishi?" Nikamwambia aliishi. Akavuta pumzi ndefu sana.

Asubuhi ile, kabla ya kwenda nyumbani, nilimshika mkono nikarudi naye wodini na kuwaambia wale akina mama waliokuwapo usiku ule kwamba nilimkosea mwanafunzi huyu mbele yao, kwa hiyo namwomba msamaha mbele yao. Palikuwa kimya. Mama mmoja mtu mzima akasema, "Sasa mfundishe." Basi. Nikaingia matatu nikalala hadi nikapitishwa kituo changu.

Tukawekeana sheria, mimi na wanafunzi wote walionijia baada ya hapo. Kisanduku cha chati kikikosa namba ya kweli, kiandikwe "sijasikia" au "sijahesabu", saa, na jina la aliyejulishwa. Kulikuwa na malalamiko. Chati zenye maneno badala ya namba hazipendezi, na siku ya ukaguzi niliulizwa kwa nini wodi yangu ndiyo yenye mapengo. Nikajibu kwamba mapengo yapo kila wodi, sisi tumeyaandika. Sikupendwa kwa jibu hilo. Kuna wanaoamini kwamba ukali ndio uliowatengeneza, na ni watu wema wanaofanya kazi kwa moyo. Mimi ninachokiona wodini ni kwamba mwanafunzi anayeogopa hukupa namba safi. Ndizo namba ninazoziogopa kuliko zote.

Kuhusu kuhesabu pumzi za mtoto anayelia, jibu ni hili, na lilinichukua sekunde kumi kulisema siku nilipoamua kulisema: huhesabu. Unangoja. Unamwachia mama amnyonyeshe au ambembeleze hadi atulie, unatazama tumbo na kifua bila kumgusa, na unahesabu dakika kamili.

Basi siku ya mahafali ikafika. Nilipanda matatu Majengo, Vihiga, tukashuka kupitia Kiboswa na Mamboleo, na Kondele, Kisumu, nikachukua tuktuk. Katika mfuko nilikuwa na ile kadi, na zawadi yangu: mashine ya presha ya mkono na stethoskopu nzuri, niliyoiwekea akiba miezi mitatu. Nje ya lango palikuwa sokoni. Wauza mataji ya maua ya karatasi inayometameta, wapiga picha wenye sampuli shingoni, wauza maji, vijana wa boda boda waliofunga riboni kwenye vioo. Familia ya yule binti, nilizitambua leso zao kwanza. Walitoka Ahero kwa matatu ya kukodi, watu kumi na wanne, pamoja na bibi yao ambaye wote wanamwita Dani.

Baba yake alikuwa amevaa koti la suti, na viatu vyake vilikuwa na tope jepesi la mashamba ya mpunga pembeni, ambalo nadhani hakuliona. Nikampa kadi. Akakataa. "Mwalimu hawezi kusimama nje mimi nikae ndani." Nikamwambia, "Baba, kazi ya binti yako mimi nimeiona kila usiku. Wewe ndiye hujaiona. Ingia." Akakataa tena, kwa heshima. Ndipo Dani akasema neno moja kwa Kijaluo, sikulielewa, na baba akaipokea kadi, akaingia huku anajifuta macho kwa nyuma ya mkono.

Nikabaki kwenye ua wa waya pamoja na wengine. Wahitimu waliingia kwa makundi, wauguzi, matabibu, wa maabara, wa lishe, wa famasia, majoho yanapepea kwa upepo wa ziwa. Vipaza sauti vilielekezwa ndani, sisi tulipata vipande tu. Mgeni wa heshima alizungumza kuhusu kazi za ng'ambo. Nilisikia Uingereza, ambayo Kenya ilitia nayo saini makubaliano ya wauguzi 2021, nikasikia na Ujerumani. Wazazi walipiga makofi. Siwalaumu, wala simlaumu kijana anayeondoka. Ila mimi natoka wodi ambayo wauguzi wawili wanabeba usiku mzima, na najua nusu ya majoho yale yatarudi nyumbani kukaa, yakisubiri tangazo la kazi. Kati ya hapo na kazi kuna mtihani wa Baraza la Wauguzi, kuna leseni, kuna bajeti ya kaunti. Inaniuma kuona uhaba na ukosefu wa kazi vikilala nyumba moja.

"Wamemwita?" Dani aliuliza. Bado, Dani. "Wamemwita?" Bado. Majina yalikuwa yanasomwa haraka, upepo unayachukua. Tulitega masikio wote kumi na watatu. Kisha ndani, mahali fulani katikati ya viti, ikapasuka sigalagala moja, kigelegele cha huku kwetu, ndefu, kali, inayopanda na kukatika mwishoni. Dani akanyanyuka kwenye kiti. "Huyo ni mke wa mwanangu!" Aliijua ile sauti. Jina hatukulisikia, lakini kila mwanamke wa ile familia aliitikia kwa sigalagala yake, na mlinzi wa lango akacheka akavua kofia.

Alipotoka walimvisha mataji hadi kidevu kikafunikwa. Alinitafuta kwa macho, akanikumbatia, tukakaa hivyo. Kisha nikampa mfuko. Alipoitoa mashine ndugu zake walishangilia, na Dani palepale akavuta kiti cha plastiki. "Nipime. Sasa wewe ni daktari, anza na mimi."

Mpiga picha akasogea, simu zikainuliwa. Binti akavua kofia ili masikio ya stethoskopu yaingie, akapandisha mkono wa joho, akamfunga Dani mkanda. Akaegemeza mkono wa bibi juu ya mkoba wa shangazi, usawa wa moyo. Vidole viwili kwenye mapigo. Akapampu, akaachia. Muziki ulikuwa umefunguliwa ndani, tuktuk zinapiga honi, na mpiga picha anasema, "Daktari, tabasamu huku!" Nikaona paji la uso wake likikunjana.

Akatoa stethoskopu masikioni.

"Dani, sijasikia," akasema, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu wote. "Tuhame hapa kelele zimezidi. Nitapima tena."

Mjomba mmoja akasema, "Si ni ya picha tu?"

"Hapana, mjomba. Ni ya Dani."

Tukabeba kiti. Tukazunguka nyuma ya ukuta wa jengo la jirani, penye mwembe na kivuli, kumi na sita sisi pamoja na wazazi wake waliokuwa wametoka. Akamkalisha bibi, akamweka miguu yote miwili chini, akatuomba tunyamaze dakika tano. Mpiga picha naye akanyamaza. Dakika ya tatu Dani alitaka kusema kitu, mjukuu wake akamwekea kiganja begani.

Akapima. Mimi nilikuwa naangalia uso wake, si mashine. Kichwa hakikutikisika. Alipomaliza akamwomba baba yake kitu cha kuandikia, na baba akatoa mfukoni ile kadi ya mwaliko. Akaiandika nyuma yake, akaniletea nisome: 152/94, mkono wa kushoto, ameketi, saa saba na dakika kumi.

"Jumatatu tunaenda kliniki, Dani," akamwambia. Kisha akahamisha mkanda, akaanza mkono wa pili.